Hakuna Hata Nyundo

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Saada kufungua karakana. Kila asubuhi alitoka kwao Ole kwa miguu, akapita kando ya majamvi ya karafuu yaliyoanikwa mbele ya nyumba za watu, akafika kituo cha mafunzo ya amali kabla ya wenzake. Alifagia taka za mbao, akapangusa meza, kisha akahesabu vifaa: randa mbili, misumeno mitatu, keekee moja, patasi sita, nyundo tano na jiriwa mbili. Jumla kumi na tisa, na kila kimoja kilipigwa mstari wa rangi ya kijani ili kijulikane ni mali ya kituo. Wanafunzi wa useremala walikuwa ishirini na sita. Hapo utajua mwenyewe jinsi walivyougombania msumeno.

Saada alikuwa na miaka kumi na mitano, na kazi ya mbao aliipenda kweli. Lakini dada mmoja jirani yao alimaliza mafunzo mwaka uliopita, na mpaka leo alikuwa amekaa tu nyumbani, cheti kimo kabatini, kwa sababu hakuwa na patasi wala randa yake mwenyewe. Jambo hilo Saada aliliogopa kuliko mtihani.

Basi fomu ya kuomba ruzuku ilipofika kituoni, furaha yake haikuwa na kifani. Ombi likikubaliwa, kila mwanafunzi atakayehitimu angepewa sanduku zima la vifaa. Wageni wa mfuko wa ruzuku wangekuja Alhamisi kukagua. Jumatano Mwalimu Thuraiya, aliyewafundisha useremala, alilazimika kwenda Chake Chake kufuatilia barua.

"Saada, mwandiko wako unasomeka," alimwambia. "Jaza ukurasa wa vifaa. Andika tulivyo navyo, kimoja kimoja. Jioni mpelekee sheha agonge muhuri, nami nitatia saini nikirudi."

"Sawa, Mwalimu."

Mwalimu hakuwa amefika hata barabarani, Masika akavuta kiti. Masika alikuwa kiranja wa darasa, na kwa maneno hakuna aliyemweza.

"We Saada, una akili kweli? Ukiandika randa mbili na misumeno mitatu, watasema hawa wanavyo, twende kwengine. Andika hakuna."

"Na kesho wakija wakaviona?"

"Wataviona wapi? Tunavitia ndani ya magunia ya makonyo, tunavipeleka Pujini kwa shangazi yangu. Nani atafungua gunia la makonyo? Wageni wakiondoka, vinarudi. Hapo dhambi iko wapi?"

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na nyumba nyingi za Pemba hazikosi gunia lake. Saada alisita. Alimfikiria yule dada jirani. Kisha akaandika: Vifaa vilivyopo: hakuna hata nyundo. Neno nyundo aliliongeza yeye mwenyewe, ili uongo upendeze. Masika akacheka mpaka akashika tumbo.

Mchana walimwita Nyange, mtu mpole wa Pujini aliyewabebea watu mizigo kwa baiskeli.

"Ami, tufikishie makonyo haya kwa shangazi," Masika alisema.

Nyange alinyanyua gunia la kwanza, akaguna. "Mbona mazito makonyo haya, wanangu?"

"Yameingia unyevu, Ami."

Saada aliinamisha uso. Nyange akafunga mizigo yake kwa kamba, akapanda, akaondoka akipiga mluzi.

Sasa sikilizeni upumbavu wenyewe. Huo ulikuwa msimu wa karafuu! Wiki ile ile wezi walikuwa wamezoa karafuu za watu juu ya majamvi, na vijana wa vijijini walikaa njia panda wakifungua kila gunia linalopita. Watoto hawa wawili walizaliwa hapo na kukulia hapo, na jambo hilo wakalisahau. Tamaa ilikuwa imewafumba macho.

Baada ya sala ya Alasiri, Saada alishika njia ya kwa sheha, mkuu wa eneo lao, fomu imo mkobani. Alipokaribia njia panda alisikia makelele.

"Mwizi! Mpige! Mwizi huyo!"

Baiskeli ilikuwa imelala mtaroni. Magunia yamepasuliwa, na juu ya makonyo yaliyomwagika zilikuwa randa, nyundo, misumeno, vyote na mstari wake wa kijani. Katikati ya watu kumi au kumi na wawili, Nyange alikuwa amepiga magoti.

Ngumi ilimpata jichoni. Teke likamwangusha. Mmoja alimpiga kwa rungu mgongoni, mwingine akamrukia na viatu vyake vizito juu ya mkono, na Saada akasikia mfupa ukilia kacha. Nyange alipiga ukelele ambao Saada hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Damu ilimtoka puani, ikachanganyika na vumbi.

"Kituo cha watoto maskini unakiibia? Huna haya!"

"Nimetumwa jamani! Wallahi nimetumwa!"

Saada alisimama. Alitaka kusema, mdomo ukagoma. Akisema, fomu imekwisha, sanduku limekwisha, na Mwalimu atajua. Kwa hiyo alisimama tu, na rungu likashuka mara ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Mara akamwona Masika katikati ya watu. Masika alimkazia macho, akaweka kidole mdomoni. Nyange naye alimwona kijana yule, uso wake uliojaa damu ukapata matumaini.

"Masika, mwanangu, waambie! Si wewe uliye—"

Masika alimpiga teke la mdomo. Jino likaruka.

"Mwizi na mwongo!" Masika alipiga kelele.

Watu walishangilia. Jamaa mmoja akachomoa panga. "Shikeni mkono wake huo mzima! Leo haibi tena!"

Hapo Saada hakufikiri tena. Alipenya miguuni mwa watu, akajitupa juu ya Nyange. Rungu lililokuwa likishuka lilimpata begani, akaona nyota.

"Mwacheni! Si mwizi! Tumempa sisi!"

"Ondoka, mtoto, utaumia!"

"Nimesema tumempa sisi, mimi na Masika! Hakujua kilichomo!" Aliitoa fomu, akasoma kwa sauti iliyokatikakatika: "Vifaa vilivyopo: hakuna hata nyundo. Mwandiko huu wangu! Tulivificha ili wageni watuonee huruma!"

Mwenye panga alitazama nyundo tano miguuni pake, akatazama karatasi, akalishusha panga. Mwenye rungu alikaa chini barabarani, akajishika kichwa. Masika alitimua mbio kuelekea mikarafuuni.

Sheha, Mzee Khatib, alifika akihema. "Mmefanya nini nyinyi?" aliuliza. Akasimamisha gari la kwanza lililopita, Nyange akakimbizwa hospitali, mkono umevunjika na mbavu mbili zimepasuka. Magharibi haijaingia, polisi walikuwa wamekwisha kuwachukua waliopiga. Masika aliletwa kesho yake na baba yake mwenyewe, akaeleza yote huku akilia.

Mwalimu Thuraiya hakumchapa Saada wala hakumpigia kelele, na hilo lilimuuma Saada zaidi. Alimpa ukurasa mpya tu. "Andika upya. Kimoja kimoja."

Saada aliandika kumi na tisa. Wageni walipokuja Alhamisi, Mwalimu aliwaeleza kila kitu bila kuficha. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alitikisa kichwa.

"Kwani nani aliwaambia tunawapa wasio na kitu?" alisema. "Mngeandika hakuna, tungesema hapa hapasomeshwi useremala, tukaenda zetu. Tunauliza mlivyo navyo ili tujue tuongeze nini."

Hawakutoa jibu siku ile. Walirudi baada ya mwezi, wakahesabu tena, wakaona kila kifaa kipo na kimetunzwa, wakalikubali ombi. Masika alivuliwa ukiranja. Kila Ijumaa yeye na Saada walikwenda Pujini kulima mihogo ya Nyange, maana mwenyewe mkono ulikuwa bado umefungwa.

Ijumaa moja Mwalimu alifuatana nao, kumpa Nyange habari ya ruzuku. Majirani walikuwepo, nao wakamsifu Saada. "Mtoto shujaa huyu! Angechelewa kidogo tu, mtu angekatwa mkono."

Saada aliliacha jembe. Uso ulimwiva, machozi yakamlengalenga.

"Si kweli," alisema. "Sikuchelewa. Nilifika mapema, Ami. Nilisimama nikatazama. Niliogopa kukosa sanduku."

Masika aliinamisha kichwa chini.

"Umesikia, Masika?" Mwalimu Thuraiya alisema taratibu. "Nanyi nyote sikieni. Uongo wao uliandikwa kwa kalamu, wakadhani utaishia kwenye karatasi. Umekwenda kumvunja mkono mtu asiyejua hata fomu inafananaje. Ukisema uongo, hujui nani atakayeulipia. Na ukijua ukweli, useme pale pale, kwa sababu kila unapongoja kuna mtu anaumia."

Nyange, aliyelala kivulini kando ya shamba, alijiinua kwenye kitanda cha kamba, akamtazama Saada. Pengo la jino lilionekana alipofungua mdomo.

"Nilikuona, mwanangu," alisema. "Tangu rungu la kwanza nilikuona umesimama pale. Nilikuwa nangoja useme."

Saada alilia kwa kwikwi. Nyange akanyoosha mkono wake mzima, akamshika kichwani.

"Siku nyengine," akasema, "usiningojeshe."