Sweta la Mama Mkwe

Mke wa seremala alikuwa anafua uani. Sweta la mama mkwe wake alilitia kwenye maji ya moto, akalisugua kwa nguvu na kulikamua. Alitaka mama afurahi.

Lilipokauka, lingemtosha mtoto mdogo tu. Akalificha chini ya godoro.

"Sweta langu, mwanangu?" mama mkwe aliuliza jioni.

"Bado bichi, mama."

Kesho yake alijibu vilevile. Mama mkwe alijifunika shuka, akakohoa, wala hakulalamika. Kila alipokohoa, mke wa seremala aliinamisha uso.

Mwishowe akalipeleka sweta kwa jirani yao mfumaji, Mama Uzi.

"Makubwa! Umelipika?"

"Usinicheke, dada. Hata kumtazama mama siwezi, kwa aibu."

Mama Uzi akaacha kucheka. Akamsogezea kiti, kisha akageuza kola ya sweta. Ndani palikuwa na kitambaa chenye maandishi.

"Soma."

"La-i-ne."

"Ni Kifaransa, hutamkwa 'len'. Maana yake sufu, manyoya ya kondoo. Uzi wangu wa kufumia nao huitwa hivyo. Hata sufu ya kioo, ile inayowekwa darini kuzuia joto na baridi, huitwa laine de verre. Hiyo usiishike, utajikuna mpaka uote manyoya wewe!"

Mke wa seremala akatabasamu kidogo.

"Ukiona neno hili, tumia maji baridi na sabuni kidogo isiyo kali. Bonyeza, usisugue. Usikamue; viringisha nguo ndani ya taulo, ukandamize. Kisha itandaze kivulini. Ukiitundika itavutika."

"Na hili litarudi?"

"Sufu ikishashikana kwa maji ya moto, basi, hairudi tena. Kamwambie mwenyewe."

Akaenda. "Mama, sweta nimeliharibu. Tena nimekudanganya. Nisamehe."

Mama mkwe akalinyanyua. "Sasa hili la nani, la paka?" Kisha akasema polepole, "Sweta si kitu, mwanangu. Lakini mbona uliniacha ningoje na baridi?"

Machozi yalimtoka mke wa seremala.

Mama mkwe akaleta blanketi lake la kijivu, ambalo hakuwa akilitumia kwa kuwa lilikuwa chafu. Pembeni palikuwa pameandikwa laine.

"Lifue hili."

"Mimi tena, mama?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye umefundishwa."

Alilifua kwa maji baridi, akalibonyeza taratibu, akalitandaza kivulini mpaka likakauka vizuri.

Mama mkwe akajifunika mpaka kidevuni. "Ukubwa wake uleule," alisema. Akainua upande mmoja wa blanketi. "Njoo. Nawe unatetemeka."