Kengele ya Ng'ombe Nyumbani kwa Mboje

Mwezi wa sita hakuna anayekaa bure Kasoli. Pamba imevunwa, na kila nyumba ina lundo lake la kuchambua. Nyumbani kwa Mboje walichambulia uani, juu ya turubai. Pamba safi upande huu, fifi upande ule. Fifi ni ile yenye madoa na uchafu, na bei yake ni ndogo.

Kazi hii ni ya mikono tu. Mdomo unabaki huru, na ndiyo maana watu wanaipenda. Miaka yote uani kwa Mboje kulikuwa na kelele. Mama yake, Bibi Kwandu, alikuwa na vitendawili visivyokwisha. Mke wake, Apolonia, alikuwa na habari za kijiji kizima. Na binti yao, Milembe, alikuwa na maswali. Huyo tangu utoto aliuliza mpaka watu wakamkimbia.

Lakini mwaka ule, ungepita pale ungesikia kuku tu. Ungekaa kidogo ungesikia kengele ya ng'ombe. Ungegeuka kumtafuta huyo ng'ombe, na ungemwona Bibi Kwandu anachambua pamba, kengele iko shingoni mwake.

Aliyemvalisha ni mwanawe mwenyewe. Usimkasirikie Mboje kwanza. Alikuwa na sababu.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa malori yalikuja kutoka huku na huku, na wageni wa kila aina. Siku moja Mboje alisimama kando ya mizani, na wageni wawili wakazungumza Kiingereza mbele yake. Hawakumtukana. Labda waliongea habari za chakula cha mchana. Lakini Mboje hakujua, na kutojua kulimuuma. Pamba ilikuwa yake, naye alisimama pale kama mtu aliyepotea njia.

Mungu si Athumani. Mwaka uliofuata Milembe alichaguliwa kwenda shule ya sekondari ya bweni, mjini Bariadi.

"Huyu sasa atakuwa masikio yangu," Mboje aliwaambia majirani.

Sekondari masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Milembe alikuwa amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa alisoma maneno ya kitabu kwa sauti nzuri, lakini hakujua yanasema nini. Mwalimu alipomuuliza swali, jibu alilijua kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kisukuma. Kwa Kiingereza halikutoka. Alisimama kimya na wenzake wakacheka. Msichana yule wa maswali mengi akajifunza kunyamaza.

Alipokuja likizo ya mwezi wa sita, baba yake alimwambia, "Haya, sema Kiingereza tusikie."

Milembe alitazama chini.

Mboje akakata shauri. Alikuwa amesikia kwamba shuleni anayesema Kiswahili huvalishwa kipande cha ubao shingoni. Yeye ubao hakuwa nao. Alikuwa na kengele ya dume lake la kulimia. Akaifungua, akaja nayo uani.

"Kuanzia leo hapa ni Kiingereza tu," alisema. "Atakayesema Kisukuma au Kiswahili mbele ya Milembe atavaa hii. Atakaa nayo mpaka mwingine akosee."

"Na wewe uliyetangaza hivyo kwa Kiswahili?" aliuliza Apolonia.

"Mimi ndiye mwenye sheria."

Shida ni kwamba nyumba ile nzima haikuwa na Kiingereza cha kujaza kijiko. Mboje alijua "Good morning". Akaisema asubuhi, akaisema jua likizama, akaisema wakati wa kuomba chumvi. Apolonia alihamia jikoni, akawa anaongea na sufuria zake. Bibi Kwandu yeye alimwendea mwanawe, akainamisha kichwa.

"Nivalishe," alisema. "Nilikuzaa kwa Kisukuma, nitazikwa kwa Kisukuma."

Akaenda nayo kisimani. Akaenda nayo mashineni kusaga. Watu walipomuuliza, aliwajibu, "Nasoma sekondari." Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Milembe hakucheka. Alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote. Aliona kwamba kila akikaa karibu naye, bibi anamsemesha, na akimsemesha anabaki na kengele. Basi akaacha kukaa karibu naye. Alichambua pamba peke yake, pembeni ya turubai.

Siku moja mchana alinyanyua kichwa. Alisema kwa Kiswahili, polepole, "Baba, likizo ikiisha sirudi shule."

Mboje alimfungua mama yake kengele, akabaki nayo mkononi. Kwa sheria yake, binti alipaswa kuvaa. Alimtazama Milembe, akaitazama kengele, na hakujua aifanye nini. Apolonia alianza kulia bila sauti. Ni wakati huo huo binti wa jirani yao alipobisha hodi.

"Mwadila, mayu," mgeni alimsalimu Bibi Kwandu kwa Kisukuma.

Alikuwa Mwalimu Specioza. Alifundisha Kiingereza sekondari moja kule Maswa, na alikuwa amekuja kwa wazazi wake kupumzika. Alikuja kurudisha ungo walioazima.

"Mwadila, mwanangu," alijibu Bibi Kwandu. "Karibu. Hapa tumefiwa na midomo yetu."

Mwalimu alikaa kwenye turubai, akavuta pamba, akaanza kuchambua kama mwenye nyumba. Walipokwisha kumweleza yote, hakumcheka Mboje. Alimuuliza swali.

"Baba Milembe, huyu binti Kisukuma alifundishwa na nani?"

"Na mama yake. Na bibi yake huyu."

"Walimvalisha kengele?"

Mboje aliigeuza kengele mkononi.

"Tulicheza naye tu," alisema Bibi Kwandu. "Tukimwimbia, tukimuuliza hiki nini, kile nini. Akikosea tunamjibu vizuri, basi, tunaendelea."

"Hiyo ndiyo njia," alisema Mwalimu. "Lugha inaingia kwa sikio na inatoka kwa mdomo. Ikishazoea huko, jicho linaisoma na mkono unaiandika. Milembe ameanzia kwenye kitabu kabla hajaongea. Halafu shuleni wanamcheka na nyumbani mmemfunga mdomo. Atajifunzia wapi?"

"Lakini Mwalimu, mimi sikumpeleka shule akacheze," alisema Mboje. "Na Kisukuma hiki hakitamharibia?"

"Hakimharibii. Kitu anachokijua kwa Kisukuma, amebakiza kukitafutia jina lake la Kiingereza. Asichokijua kwa lugha yoyote, hicho ndicho kigumu. Na mchezo nao ni kazi, ila ni kazi ambayo mtu anaomba irudiwe. Naomba hiyo kengele."

Mboje akampa, na moyoni alishukuru kuitoa mkononi.

"Mmoja wetu anafikiria kitu," alisema Mwalimu. "Wengine wanauliza kwa Kiingereza. Mwenye kitu anajibu 'Yes' kwa ndiyo, 'No' kwa hapana. Atakayekijua anapiga kengele. Hakuna kuvaa tena. Na atakayemcheka aliyekosea atapika ugali wa leo, hata akiwa mwanamume."

"Maneno mawili tu?" aliuliza Bibi Kwandu. "Hayo nayaweza."

Mwalimu alifikiria kitu cha kwanza. Watu wakamgeukia Milembe. Alikunjakunja pamba vidoleni.

"It is animal?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Is it an animal?" alirudia Mwalimu kwa upole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Yes."

Hakusema umekosea. Alimpa sentensi iliyo sawa na mchezo ukaendelea. Swali lililofuata Milembe aliliuliza vizuri. Ni mnyama mkubwa? Ndiyo. Yuko hapa nyumbani? Ndiyo. Mboje alivumilia akashindwa. Aliikamata kengele, akaitikisa.

"Dume langu!" alisema kwa Kisukuma.

"Kwa Kiingereza, baba," alisema Milembe, na hapo akatabasamu. "Sema 'cow'. Hilo ni la jike, la dume silijui."

"Dume langu mnamwita kwa jina la jike?"

Milembe alikimbilia ndani kutafuta neno la dume kwenye kitabu chake cha shule. Hakuna aliyemtuma. Apolonia alimwangalia mgongo wake, akafuta macho kwa kanga.

Siku zilizofuata Mwalimu Specioza alikuja kila mchana. Walikata katoni ya sabuni vipande vinavyolingana. Kwenye kipande kimoja Milembe alichora jembe, kwenye kingine akaandika jina la jembe kwa Kiingereza. Vivyo hivyo kwa kuku, chungu, mvua na pamba. Vipande viligeuzwa chini na kuchanganywa. Kila mtu kwa zamu alifunua viwili. Picha ikikutana na jina lake, unalisoma jina kwa sauti, unavichukua.

Bibi Kwandu hakupata kuingia darasani. Lakini mwanamke aliyemjua kila ng'ombe wa ukoo kwa madoa yake hasahau kipande cha katoni kilipo. Aliwashinda wote. Na kwa kuyatazama maneno yale kila siku, akaanza kuyatambua yalivyokaa, moja moja.

"Mama, unaiba," alisema Mboje.

"Nasoma sekondari," alijibu bibi.

Kisha wakafika kwenye vitendawili. Bibi alitega kwa Kisukuma kama walivyozoea.

"Kalagu."

"Kize," waliitikia.

"Anacheka meno meupe yote nje, na mdomo hana."

"Pamba," alisema Milembe.

"Sasa kipeleke kwa Kiingereza," alisema Mwalimu. "Ukikwama neno, liseme kwa Kisukuma, tulitafute pamoja."

Milembe alifikiri. Alisema, akajikwaa, akasema tena. Kujikwaa si kuanguka. Mwishowe alikiandika chini ya picha ya pamba, akakisoma: "It has white teeth. It has no mouth." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma Kiingereza na kuelewa kila neno, kwa sababu kila neno lilikuwa lake.

Likizo ya Mwalimu ikaisha. Kabla ya kuondoka alimwambia Mboje, "Mimi nimewaonyesha tu. Kazi ni kuongea naye kila siku, hata kidogo. Muulize maswali. Mruhusu akosee."

"Na shule je? Atarudi?"

"Hilo mwache aseme mwenyewe."

Basi waliendelea, na Milembe ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Lakini habari ya kurudi shule hakuitaja. Apolonia alimfulia sketi ya shule, akaianika mahali pa kuonekana. Milembe aliianua, akaikunja tu. Ilikaa hivyo mpaka siku ya mwisho, gari la mjini likitarajiwa kesho yake.

Jioni hiyo pamba ilikuwa imebaki kidogo. Bibi Kwandu alisema zamu ya kufikiria kitu ni yake. Milembe akaanza kuuliza.

"Is it an animal?"

"No," alisema bibi.

"Is it a person?"

"Yes."

"Is she here?"

Bibi aliangaza macho uani kote, taratibu. "Yes."

"Is she old?"

"No."

Apolonia aliacha kuchambua. Mboje naye aliacha. Milembe alikuwa ameshajua, lakini hakuigusa kengele. Akauliza swali la mwisho.

"Does she go to school?"

Swali hilo la kwenda shule bibi alilielewa vizuri. Hakujibu "Yes" wala "No". Alichukua kengele, akaiweka kwenye magoti ya mjukuu wake.

"Hilo mimi siwezi kulijibu, mjukuu wangu," alisema kwa Kisukuma. "Lijibu wewe."

Milembe alimtazama. Kisha akaitikisa kengele kwa nguvu, mpaka dume likaitikia kule zizini.

"Yes," alisema. "She does."

Bibi Kwandu alimvuta kifuani akamkumbatia, pamba na vyote.

Milembe alirudi Bariadi, na vile vipande vya katoni akavibeba kwenye sanduku lake. Bwenini aliwafundisha wenzake ule mchezo. Waliomcheka zamani nao walikuja kucheza, kwa sababu nao walikuwa na shida ile ile na waliificha kwa kicheko. Mwalimu wao wa Kiingereza aliona, akatenga muda wa kucheza darasani kila wiki. Milembe akarudia tabia yake ya kuuliza maswali mpaka watu wakamkimbia. Mtihani wa mwisho wa mwaka aliusoma akauelewa, akaujibu.

Msimu uliofuata alikuwa likizo tena. Alimsindikiza baba yake kupeleka pamba kwa mnunuzi. Kando ya mizani walisimama wageni wawili wakizungumza Kiingereza. Mboje alimsogelea binti yake.

"Wanasemaje?" alinong'ona.

Milembe alisikiliza kidogo, akatabasamu.

"Wana njaa, baba. Wanaulizana hapa Kasoli chakula kinapatikana wapi."

Mboje alicheka, akaegemea gunia lake.

"Waambie wapite nyumbani," alisema. "Mama yako amepika."

Na Milembe akawaambia.