Jicho la Dada na Sifa za Mzee wa Linki

Majirani zangu, nawaletea habari ya nyumba moja iliyokuwa na amani yake. Asubuhi moja dada mtu, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akishona mashati ya shule. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa akimsuka bintiye mwenyewe nywele. Mdogo mtu, fundi simu, alikuwa na kikombe cha chai mkono huu na simu mkono ule, anatabasamu peke yake.

Huyo ndiye waliyemwita mtaani Mzee wa Linki, ingawa mvi hakuwa nayo hata moja. Kila kukicha alituma kwenye kundi la simu la mtaa tovuti alizoona zina faida. Na tusimwonee, mwanzoni alifanya kazi nzuri. Wazazi waliokuwa wakihangaika na hesabu za watoto aliwapatia tovuti ya masomo ya bure. Alimwonyesha seremala wa mtaa penye michoro ya vitanda, na akampa dada yake ukurasa uliomfundisha kukata kola ikalala vizuri shingoni. Alikuwa anasoma kwanza hadi mwisho, anajaribu, ndipo anatuma.

Lakini sifa zilimnogea. Kadiri watu walivyomshukuru, ndivyo alivyoona aibu siku ipite bila kutuma kitu. Akaanza kusoma kichwa cha habari tu, kisha anaandika, "Nimeipitia yote, ni nzuri sana." Mkewe alipomuuliza anapata wapi muda wa kupitia vyote hivyo, alicheka akasema yeye ana jicho la haraka.

Asubuhi hiyo ya chai alikuwa ametuma tovuti ya tiba za macho za nyumbani. Sasa, dada yake macho yalikuwa yakimwasha kwa sababu ya vumbi la vitambaa, na alikuwa amepanga kwenda kliniki. Alipoona ujumbe wa mdogo wake, akaghairi. Akakamua ndimu, akachanganya na chumvi kama ukurasa ulivyoelekeza, akajidondoshea jicho la kulia. Lilimchoma mpaka akashika ukuta. Ukurasa ulisema kuchoma ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, basi akavumilia, akarudia kesho yake na siku ya tatu.

Wifi yake ndiye aliyegundua. Alimkuta anapiga mshono pembeni kabisa ya kitambaa, sindano inakwenda hewani, na mwenyewe hana habari. Alipomwinua uso, jicho lilikuwa jekundu na limefunga utando.

Wakamkimbiza hospitali. Kwenye korido dada aliwaeleza alichokifanya, na mdogo mtu akasikia. Mnadhani alifanya nini? Alitoa simu, akaufuta ujumbe wake haraka, kabla mtu hajaunganisha mambo.

Wakaingia kwa daktari. Daktari akamkagua mgonjwa kwa taa yake ndogo, akauliza nani alimwelekeza kutia ndimu machoni. Dada akainamisha kichwa.

"Nilijitungia mwenyewe, daktari," akasema. "Hakuna aliyenielekeza."

Mdogo mtu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alijua anakingiwa kifua. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitazama kwa kuibia: seremala alikuwa ameandika kwenye kundi, "Mzee wa Linki, mbona umeifuta ile ya macho? Nilitaka nimsomee mama, yake yanamsumbua."

Akasimama.

"Daktari, dada ananifichia. Ni mimi niliyetuma."

Daktari akaomba kuiona tovuti hiyo. Wakaifungua pale pale, na kwa mara ya kwanza mwenye kuisifu akaisoma. Hapakuwa na jina la mwandishi wala la mganga. Chini kabisa palikuwa na chupa za maji ya macho zinazouzwa, na maandishi madogo kwamba mwenye ukurasa hahusiki na madhara yoyote.

"Wewe uliisoma?" daktari akauliza.

"Kichwa cha habari tu."

Hakuna aliyemkaripia, na afadhali wangemkaripia. Dada yake aligeuza lile jicho zima, akamtazama.

"Uliandika umeipitia yote," akasema taratibu. "Mimi sikuiamini tovuti, mdogo wangu. Nilikuamini wewe."

Mdogo mtu akatoka nje, akampigia seremala amzuie mama yake asitie ndimu. Kisha akaandika kwenye kundi yote yaliyotokea, pamoja na uongo wake. Baadhi walimpa pole. Wengi walinyamaza, na tangu siku hiyo akipita dukani mazungumzo hupungua sauti.

Jicho halikupofuka, lakini lilibaki na kovu. Dada anaona kwa upande huo kama mtu aliye nyuma ya pazia. Mishono iliyonyooka bado anaiweza. Kazi ya kola ameiacha. Hajawahi kumkumbusha mdogo wake jambo hilo hata mara moja, na mdogo wake bado hawezi kukaa naye sebuleni akishona.

FUNZO

Ndugu zangu, kumwelekeza mwenzako kwenye tovuti nzuri ni wema mkubwa. Lakini unapoandika "nimeipitia," umeweka dhamana jina lako, na anayekupenda hatachunguza tena. Soma mpaka mwisho. Tazama nani ameandika na anauza nini. Ikiwa hukusoma, sema hukusoma. La mwili wa mtu, mwambie aende kwa daktari. Na ukigundua umekosea, usikimbilie kufuta. Kimbilia kusema, maana huenda kuna mwingine ameshakamua ndimu.