Kobe wa Kibao cha Mwisho

Kila asubuhi mume wangu, Tsung-mou, hufungua karakana kabla hajanywa hata chai. Kazi yetu hapa Lukang ni kuchonga vibao vya keki nyekundu za kobe. Unakanda unga wa mchele wa kunata, unajaza maharage matamu ndani, unakandamiza kwenye kibao, kobe anatokea. Mtoto akitimiza mwezi, keki hizo hugawiwa majirani. Zamani tulichonga kwa patasi tu. Siku hizi macho ya mume wangu yamechoka. Mashine inayoongozwa na kompyuta huchonga kwanza, naye humalizia kwa mkono.

Mimi hupika uji, kisha natazama simu. Binti yetu wa pekee, Pei-ju, anaishi Kanada na mumewe. Wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza. Nilimkumbuka mpaka nikachukia kuona bakuli mbili tu mezani.

"Leo pia hajapiga," nilisema asubuhi moja.

"Akinyamaza ujue mzima," alijibu Tsung-mou. "Mwenye shida ndiye hupiga."

"Moyo wako jiwe wewe."

"Na wako redio, A-kim. Hauzimiki."

Uani kwetu palikuwa na mpera. Pei-ju aliukwea tangu alipoweza kushika tawi. Kimbunga kiliung'oa mwaka alioondoka, na shina lake likatoa vibao viwili tu vizuri. Tulivikausha taratibu, tukavitunza. Nilitaka kimoja kiende Kanada.

"Keki za mwezi za mjukuu wangu hazitatoka kwenye plastiki ya dukani," nilimwambia Tsung-mou. "Zitatoka kwenye mti wa mama yake."

Hakubisha. Alifunga kibao cha kwanza kwenye mashine. Juu ya sanduku la umeme aliweka pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi. Jina la vitafunwa hivyo maana yake "kuwa mtiifu", na kwetu kila mashine ina pakiti yake, ili itulie na itii. Hata benki utaikuta.

Mashine ikachonga kichwa cha kobe. Ikachonga nusu ya gamba. Kisha mkono wake ukasogea mpaka mwisho wa reli, na haukusimama. Krrr! Ukagonga chuma, na mota ikazidi kusukuma. Uliporudi, mashine haikujua tena ilipo. Ikampitishia kobe kisu shingoni.

"Zima! Zima, baba!" nilipiga kelele.

Tsung-mou alizima. Kisha akaichukua ile pakiti, akaisogeza karibu na macho.

"Unaona? Imepitwa na muda! Si nilikwambia ununue nyingine?"

"Kwa hiyo kosa langu?"

"Kwani dukani huenda nani?"

Nikaangua kilio. Nilimlilia mtoto aliyekuwa juu ya mti ule na magoti yenye vumbi, akiniita nimtazame. Sasa kilibaki kibao kimoja tu.

Nilivuka barabara kumwita rafiki yangu Pao-chu. Huyo amefunga nyaya za mashine kiwandani Taichung mpaka akastaafu. Alikuja na kipima umeme mfukoni, bila kuchagua maneno kama kawaida yake.

"Nani kamkata kobe kichwa? Mnapika supu?"

"Pakiti imepitwa na muda," alisema Tsung-mou.

"Shemeji, kula hayo mahindi utupishe. Chomoa umeme kwanza ukutani. Mtu hashiki nyaya zenye moto."

Aliinama mwisho wa reli, palipokuwa na swichi ndogo.

"Hii ni swichi ya ukomo," aliniambia. "Mkono ukifika hapa unaibonyeza, mashine inasimama. Mbona haikusimama?"

Alifuata waya kwa kidole. Kwenye kona, pale unapokunjwa kila siku, ulikuwa umekatika ndani ya ganda.

"Basi tuunge," alisema Tsung-mou.

"Ngoja kwanza. Waya kukatika si ajabu. Ajabu ni kwamba hakuna aliyejua. Tazama, swichi ina miguu mitatu. Huu wa kwanza tunautumia daima. Huu wa pili umeme haupiti mpaka swichi ibonyezwe. Huu wa tatu umeme unapita muda wote, unakatika swichi ikibonyezwa. Wewe ulifunga kwa wa pili."

"Ndiyo. Ikibonyezwa, inatoa habari."

"Na waya ukikatika?"

Tsung-mou alikuna kichwa. "Haitoi kitu."

"Na mashine ikisikia kimya inafikiri nini?"

"Kwamba kila kitu kizuri."

"Hapo ndipo mlipomchinja kobe! Funga kwa mguu wa tatu. Umeme upite muda wote, kama mtu anayesema nipo, nipo, nipo. Swichi ikibonyezwa, kimya. Waya ukikatika, kimya. Panya akila waya, kimya. Na kimya ni hatari. Mashine isimame."

Nilimtazama mume wangu. *Akinyamaza ujue mzima.* Aliinamisha macho. Nilijua naye amekumbuka.

Walifanya kazi mpaka saa kumi jioni. Swichi zote za ukomo zilifungwa kwa mlolongo mmoja, moja baada ya nyingine, ili yoyote ikikatika zote zinyamaze. Swichi za nyumbani, yaani za pale mkono unapoanzia kazi, zilipata nyaya zao zenyewe. Hizo huionyesha mashine mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwenye kompyuta walibadilisha mpangilio, ijue kwamba sasa kimya maana yake simama.

Walipowasha mota ya kisu, mashine ikasimama yenyewe, wala hakuna kilichobonyezwa.

"Ina majini!" alisema Tsung-mou, mkono ukiifuata pakiti.

Pao-chu alicheka. "Umezifunga nyaya za swichi pamoja na za mota. Mota ina fujo za umeme, inazisumbua. Zitenganishe. Tumia waya wenye wavu wa chuma, na wavu uunge ardhini upande mmoja tu."

Baada ya hapo ikatulia. Wakauendesha mkono polepole bila kisu, Pao-chu akibonyeza kila swichi kwa kijiti. Ikasimama kila mara. Kisha akachomoa waya mmoja makusudi. Ikasimama pia.

Jioni ile ile, alfajiri ya Kanada, nilipiga simu. Sikusubiri kupigiwa. Pei-ju alipokea kwa sauti ndogo. Nyuma yake nilisikia mtu akimwita muuguzi.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Hospitali, Mama. Presha ilipanda. Wamenilaza tangu juzi. Mtoto mzima, msiogope. Sikutaka kuwatia wasiwasi."

Tsung-mou alichukua simu.

"Pei-ju, sikia. Baba yako alifunga waya vibaya."

"Waya gani, Baba?"

"Kila usiku kabla hujalala, huku ni asubuhi. Tuma neno moja tu. Nipo. Usipotuma, mama yako atasimamisha dunia, nami nitamsaidia."

Nikamsikia binti yangu akicheka na kulia pamoja.

Kesho yake Tsung-mou alifunga kibao cha mwisho. Alinunua pakiti mpya, akaiweka rafuni, mbali na reli. Mashine ilirudi nyumbani kwanza, ikagusa swichi zake, ndipo ikachonga. Kobe alitoka mzima, naye akamalizia macho kwa patasi. Nilikinusa kibao kile kabla ya kukitia kwenye kifurushi.

Mjukuu alizaliwa, msichana. Alipotimiza mwezi ilikuja picha: keki nyekundu kwenye sahani, shingo ya kobe haina kovu.

Siku moja "nipo" haikuja. Nilipiga papo hapo.

"Mama, nilisinzia tu na mtoto!"

"Vizuri. Lala."

Hamu ya kumwona haijaisha, nisidanganye. Bado naona bakuli mbili na roho inaniuma. Lakini kila asubuhi Tsung-mou huwasha mashine, nami nasimama mlangoni na simu. Mkono unarudi polepole, unagusa swichi, tik. Mashine imefika nyumbani. Mwanangu bado.

Simu inalia. *Nipo.*

Ndipo namimina chai.