Mkataba wa Kumtunza Bibi Behice

Sahani ilirudi bila mifupa.

Serpil alisimama nayo kwenye sinki, akiitazama. Mchana ule alikuwa amempelekea Bibi Behice paja zima la kuku, na Bibi Behice hakuwa na jino hata moja kinywani. Ufizi wake ulikuwa mtupu kama wa mtoto mchanga. Nyama, sawa, huenda aliinyonya. Lakini mfupa? Serpil alichungulia pipa la taka, akapapasa chini ya mto wa kikongwe, akainama mpaka mvunguni. Hakuona kitu.

"Labda kaufunga kwenye leso," mumewe Tuncay alisema aliporudi kazini. "Wazee wana vituko. Usianze kutafuta kasoro, Serpil. Nyumba kama hii hatuipati tena."

Na hapo alisema kweli. Miaka miwili walikuwa wameizunguka Istanbul wakitafuta pa kuishi. Kule Avcılar walikokuwa wamepanga, ukuta wa chumba chao ulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja, na kila lori lilipopita, chokaa iliwadondokea kitandani. Kila mtu mjini alijua tetemeko kubwa linakuja. Kisichojulikana kilikuwa siku tu. Majengo imara kodi yake haikushikika kwa mshahara wa fundi lifti na mshona mapazia. Yale waliyoyamudu yalikuwa makaburi yanayosubiri kufukiwa.

Kisha dalali mmoja akawaambia, "Shemeji, nina kitu, ila kinataka moyo."

Fleti ilikuwa Feriköy, ghorofa ya pili, jengo lililosimama juu ya mwamba. Mhandisi aliyelitoboa zege lake kulipima alitikisa kichwa kwa mshangao. Alisema wajenzi wa namna ile wamekwisha duniani. Kodi hakuna. Kazi yao ingekuwa kumlisha na kumtunza mwenye nyumba, kikongwe wa miaka tisini asiye na mtoto wala ndugu, mpaka atakapokata roho. Akishazikwa, fleti ni yao. Siku ya kutia sahihi kwa wakili, Bibi Behice aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kajifunika shungi mpaka puani. Aliandika jina lake kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.

"Huyu Ramadhani haioni," Tuncay alinong'ona kwenye ngazi, na wote wawili wakacheka.

Ramadhani ilikuja ikapita. Ikaja nyingine.

Bibi Behice hakuugua hata mafua. Alikula, na kila mwezi alitaka zaidi: supu ya dengu sufuria nzima, mikate, vichwa vya kondoo. Hakuruhusu mtu abaki chumbani akila. "Weka hapo utoke, we mikono-mizito," alimwambia Serpil. "Na mwambie huyo mume wako aache kunihesabia pumzi. Namsikia." Kila siku, adhana ya alasiri ikishanyamaza, sauti ilianza nyuma ya mlango ule uliofungwa: kuguguna, kama mbwa mkubwa aliyepata mfupa, kukifuatiwa na harufu ya majivu yaliyolowa maji na mafuta yaliyochacha. Ilipita chini ya mlango, ikajaa ukumbini, ikaingia mpaka kwenye mapazia aliyoshona Serpil.

Serpil alipopata mimba, Tuncay alibadilika. Alianza kwa kuzificha dawa za presha za kikongwe. Januari, theluji ikianguka, aliingia chumbani mwa Bibi Behice asubuhi akafungua dirisha, akaondoka na kitasa chake mfukoni.

"Tuncay, dhambi hii," Serpil alimnong'oneza.

"Dhambi? Dhambi ni mwanangu kukulia nyumba ya kusubiri ruhusa ya mtu. Kesho akibadili mawazo, akavunja mkataba, tunarudi wapi? Kule kwenye ufa?"

"Lakini anatetemeka."

"Umemwona anatetemeka?"

Serpil hakumwona akitetemeka. Theluji ilikuwa imelala juu ya blanketi la kikongwe, haikuyeyuka, na yeye alikuwa akitabasamu.

Mwisho Tuncay aliufunga mlango wa kile chumba kwa ufunguo. Siku ya kwanza kikongwe aligonga ukuta kwa fimbo tangu mchana hadi machweo. "Bibie! Nina njaa, bibie!" Serpil aliongeza sauti ya redio. Siku ya pili aligonga polepole. Serpil alikula mtindi na mkate jikoni, mgongo kaugeuzia ukumbi, na kila tonge alilimeza. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote, kwamba kila tonge lilishuka vizuri.

Siku ya tatu kulikuwa kimya. Tuncay alimpa ufunguo akasema, "Kaangalie," kisha akaenda zake kazini.

Ilikuwa alasiri, jua la baridi limejaa chumbani. Serpil alikwenda mpaka kitandani, akaliinua lile shungi kwa ncha za vidole, na alichokiona hakikuwa maiti ya juzi wala ya jana, kilikuwa ngozi kavu iliyonata kwenye fuvu kama karatasi iliyosahaulika juani, macho hayapo, mtu aliyekufa miaka mingi kabla yeye hajaijua nyumba ile, na wakati mtoto anamgeuka tumboni kwa nguvu kama naye anatafuta mlango, kutoka nyuma ya kabati, mahali ambapo baina ya kabati na ukuta pasingepita hata paka, sauti ileile ya kila siku ikasema kwa upole:

"Umechelewa, bibie. Siku mbili mmenisahau."

Alikimbia peku mpaka msikitini.

Shehe Necmettin alikuwa mzee wa maneno machache, aliyewahi kutoa majini wengi na kuchoshwa nao. Alikuja na maji ya kusomea, akakaa kizingitini pa chumba kile. Tuncay, aliyeitwa kutoka kazini, alisimama nyuma yake akitoka jasho. Shehe alisoma mpaka vioo vikafanya ukungu.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba," ilijibu sauti nyuma ya kabati.

"Mwenye nyumba ni Behice."

"Behice alikufa miaka kumi na moja iliyopita, kitandani hapo. Tuliishi pamoja tangu ujana wake, na nyumba hii aliniachia mimi. Sahihi ya kwa wakili ni yangu. Waulize kama niliwalazimisha."

Shehe aliwageukia.

"Una umri gani?" aliliuliza tena kabati.

"Nilizaliwa mji huu bado hauitwi Istanbul. Kwetu naitwa kijana."

Tuncay alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Mkataba ulisema mpaka kufa. Shehe Necmettin aliinuka taratibu, akamimina maji yake kwenye chungu cha maua.

"Shehe, mbona unaondoka? Mtoe!"

"Jini aliyewavamia ningemtoa, mwanangu. Huyu hakuwavamia. Yuko kwake, nyinyi ndio mliomfuata mkitaka kumrithi." Alivaa viatu vyake. "Na mlimnyima chakula. Tokeni leo hii. Msichukue hata kijiko."

Walitoka. Serpil alibeba begi moja la nguo za mtoto, hakuweza kuliacha. Walikuwa wamefika barabarani, Tuncay amempungia mkono dereva wa teksi, ndipo ardhi ilipounguruma.

Teksi iliruka kama bisi kwenye kikaango. Mabomba ya moshi yalidondoka, vioo vilimwagika, na watu walitoka milangoni wamekumbatia watoto na vitu vya ajabu, mmoja birika, mwingine sanduku la viatu. Serpil alipiga magoti ameshika tumbo. Alipoinua macho, mtaa ulikuwa kwenye vumbi. Jengo lao pekee lilisimama vilevile, hata kioo kimoja hakikupasuka. Na katika dirisha la ghorofa ya pili, akiwa amesimama wima kwa miguu yake, shungi limemfika puani, alikuwepo Bibi Behice.

"Pandeni juu," aliwaambia kwa huruma kabisa. "Mjamzito atashikwa na baridi."

Tuncay alimtazama mkewe. Simu yake ililia, akaipokea: jengo lao la zamani kule Avcılar lilikuwa limelala chini lote, na majirani wao ndani yake. Aliizima. Akaliokota begi, akaingia mlangoni. Serpil alibaki ameketi kwenye vumbi kwa muda ambao hata yeye hakuujua. Kisha mtoto akampiga teke, naye akainuka akapanda ngazi.

Walimzaa binti, wakamwita Zülal. Sinia ya chakula cha Bibi Behice haikuchelewa tena hata siku moja. Tuncay alizeeka upesi. Alizungumza kidogo, akala kidogo kuliko hivyo. Mtoto ndiye aliyekipenda chumba kile. Alipofika miaka minne aliomba kubeba sinia mwenyewe, na siku Serpil alipomkatalia, kuta zote za nyumba ziligongwa mpaka akakubali. Tangu hapo Zülal aliingia kila alasiri, akaufunga mlango, akakaa huko akipiga porojo na kucheka.

Alasiri moja Serpil alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Kule ndani alimsikia mwanawe akiita, kwa ile sauti ya mtoto anayetaka kubebwa:

"Mama!"

Kisu kilimtoka mkononi. Alifungua kinywa aitike, lakini sauti yake mwenyewe, laini, isiyo na uchovu, ilimtangulia kutoka nyuma ya mlango uliofungwa.

"Naam, kipenzi changu. Niko hapa."

Na mtoto akacheka, akaridhika.