Jani Lililokunjwa Mara Mbili

"Haijashika! Gbolahan, mpaka sasa haijashika!"

Abosede alibamiza kifuniko cha sufuria, mvuke ukamchoma mkono, akatukana kimoyomoyo. Tangu asubuhi alikuwa anahangaika na moimoi, ule mkate wa kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke. Kunde alizimenya maganda kwa mkono, moja moja, mpaka vidole vikajikunja. Akiwa katikati ya kusaga umeme ukakatika, ikabidi ambembeleze jirani amwashie jenereta. Na sasa rojo lake, limefungwa kwenye majani na kuchemka muda wote huo, lilikuwa bado linachezacheza kama uji.

"Acha kufunuafunua, Bose mpenzi," alisema Gbolahan, macho kwenye simu. "Mvuke unatoka."

"Usinifundishe! Nilikutuma majani tu ya kufungia, hapo sokoni Bodija, ukapotea asubuhi nzima. Ungeyaleta mapema tungekuwa tunaongea hivi?"

"Si nilikutumia meseji?"

Kweli alituma. Bose alikuwa bado nayo: "Majani nimepata. Foleni mbaya sana. Nakuja." Foleni Jumapili asubuhi, mji mzima uko kanisani! Alitaka kumhoji, lakini kunde zilikuwa hazingoji.

Mama yake Gbolahan alikuwa njiani. Jumamosi inayofuata wazazi wa Bose wangeshuka kutoka Jos, familia zikutane, posa ipokelewe. Na mama alishasema hakanyagi kwenye kikao hicho kabla hajala chakula cha mikono ya huyo binti. Tena alichagua mwenyewe: moimoi ya majani, si ya mifuko ya nailoni. Bose alikulia kambi ya askari huko Jos, mama yake akipikia moimoi kwenye makopo ya maziwa. Jani hakuwahi kulikunja maishani mwake. Lakini alimpenda Gbolahan, jamani. Alimpenda mpaka mwenyewe anajishangaa.

Simu ya Gbolahan ikaita.

"Niko getini. Mlinzi wenu hafungui, amelala?"

"Nakuja, mama!"

Bose akajishika kichwa. "Nimekwisha."

Gbolahan akatoka mbio, akampigia mlinzi kelele afungue, akapitia kwenye gari, akarudi amekumbatia hotipoti ya bluu. Alipoifunua, ndani kulikuwa na vifurushi vya majani vilivyopangwa vizuri, vinafuka.

"Nilijua itatokea hivi. Nimenunua kwa mama mmoja sokoni. Pakua, hatajua."

"Kumbe hukuniamini tangu asubuhi?"

"Bose, unataka ndoa au unataka ubishi?"

Lilimuuma lile neno. Lakini viatu vya mama vilishasikika ngazini, akapakua.

Mama aliingia na kilemba kimesimama wima. Bose akapiga magoti kumsalimu.

"Inuka, mwanangu. Nimetoka kanisani na njaa yangu."

Akakaa, akachukua kifurushi kimoja. Hakukifungua. Alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule.

"Umefunga wewe?"

"Ni yeye, mama!" Gbolahan akadakia. "Tangu alfajiri yuko jikoni!"

"Sijakuuliza wewe."

Angejibu ndiyo, Jumamosi ingepita salama. Bose akamwangalia Gbolahan, akamwona anamkonyeza, na konyezo lile likamchefua.

"Hapana, mama. Yangu iko jikoni, imegoma kushika. Hii kainunua Gbolahan sokoni. Nisamehe."

"Sokoni?" Mama akacheka, kicheko kisicho na raha. "Kila mwanamke ana mkunjo wake. Huyu anakunja mkia wa jani mara mbili, halafu anauchomeka upande wa kushoto, kwa sababu yeye ni wa mashoto. Miaka miwili nimefungua mikunjo hii mezani kwangu. Huu ni mkono wa Bisola."

Bose alilijua jina hilo. Bisola, mchumba wa zamani. "Hata namba yake sina," ndivyo Gbolahan alivyomwambia.

"Mama, watu wengi wanakunja hivyo..."

"Wewe Gbolahan! Si uliniambia Bisola kahamia Abuja? Kaolewa huko?"

"Ndiyo mama, ila..."

"Kutoka Abuja mpaka Ibadan, na bado ya moto?"

Simu ya Gbolahan ikawaka mezani. Aliirukia, lakini Bose alikuwa karibu zaidi, akaisoma kwa sauti:

"Wageni wako wa ofisini wameipenda moimoi? Ile yenye mayai mawili ni yako, usimpe mtu. Leo usichelewe kama jana."

"Jana," Bose alisema. "Jana si ulikuwa unamuuguza mjomba?"

"Bose, nisikilize, naweza kueleza."

"Ueleze nini? Nimemenya kunde mpaka kucha zinauma, nikijiona mimi ndiye sifai! Kumbe na huyo mwenzangu umemdanganya!" Akafunika hotipoti, akamsukumia kifuani. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie mama ameujua mkono wake."

"Mama, mwambie basi!"

"Nimwambie nini? Hapa ni kwake. Toka."

Mlango ulipofungwa, Bose alilia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja, wala hakujali nani anamtazama.

"Samahani, mama. Ngoja nikuitie teksi."

"Teksi ya nini? Nimekuja kula. Lete iliyoko jikoni."

"Haijashika, mama."

"Lete na kijiko."

Dirishani, upande wa ngazi, sauti ikaita, "Bose! Nimesahau simu!" Mama akainuka, akaipitisha simu kwenye nondo za dirisha, akavuta pazia, akarudi mezani, Bose alikuwa ameshaiweka moimoi yake. Akachota, akatafuna polepole. Bose alisimama mbele yake anasubiri hukumu, ingawa hakukuwa tena na cha kuhukumiwa.

"Maji umezidisha. Na sufuria umeifunua mno."

"Ndiyo, mama."

"Ladha unayo." Akachota tena. "Wazazi wako wanafika Jumamosi?"

"Nitawapigia, mama. Nitawaambia wasije."

"Waache waje. Nami nitakuja, peke yangu, kuwaomba radhi kwa niliyemzaa."

Bose akajifuta uso kwa kanga, akavuta kiti, akachukua kijiko cha pili.