Upande Unaong'aa

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nang'arisha viatu vya shule, ingawa shule zimefungwa, ili tu nisiende sebuleni kusalimia wageni. Mama akanifuma.

"Mpaka lini kujificha na viatu? Nenda kazini na shangazi yako, ukaone watu!"

Shangazi hupima aloi, yaani metali zilizoyeyushwa pamoja. Anachukua kisahani kidogo kama kifungo cha shati, anakipiga kwa mwanga mkali wa leza. Pigo linapita ndani ya metali kama wimbi. Upande wa pili, uliosuguliwa ukang'aa kama kioo, unaruka kidogo mno, na taa ya kijani inapima mruko huo. Kisahani kikishapigwa, hakifai tena.

"Kimebaki hiki kimoja," aliniambia. "Kikiharibika, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji."

Akakibana mahali pake huku akimtania fundi wa mitambo, mzee mmoja mnene mwenye kipara. Wakafunga mlango mzito, tukahamia chumba cha pili, kwenye skrini inayoonyesha kisahani.

Hapo nikaona. Upande unaong'aa umeitazama leza! Kisahani kimewekwa kinyume.

Lakini mimi ni nani nimkosoe shangazi? Nikanyoosha kidole kama darasani.

"Choo kiko mwisho wa korido, mwanangu," akasema bila kugeuka.

Nikaona haya kumkatalia. Nikaenda chooni. Hata mikono nikanawa.

Niliporudi, fundi alikuwa anahesabu. "Tatu... mbili..."

"SUBIRINIII!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Fundi akajimwagia chai tumboni. "Mama yangu wee! Si ulisema huyu haongei?"

"Kimegeuzwa," nikanong'ona. "Kinang'aa upande wa leza."

Shangazi akasogelea skrini, akashika kichwa. "Lo! Ndiyo faida ya kupiga soga kazini."

Wakakigeuza. Pa! Mlio mdogo kama kofi, kisha mstari ukapanda kwenye skrini, na shangazi akakata kiuno mbele ya mzee wa watu.

Njiani akanishika bega. "Mwanangu, heshima si kunyamaza. Ukimwona mkubwa anakosea, mwambie kwa adabu, tena mapema. Usipitie chooni kwanza."

Nimeyatia akilini. Sasa hivi nimemtumia ujumbe: "Shikamoo shangazi. Samahani kwa kuchelewa kukuambia. Leo ulivaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Tangu asubuhi."

Ameusoma.